Fuwele, vyombo au majaribio ya maabara? Kwa anayetaka kusoma magma ya volkano zetu

Mwanafunzi wa jiolojia akishafika mwaka wa tatu au akianza kutafuta nafasi ya masta, na roho yake iko kwenye volkano, kuna mahali lazima achague, maana watu wanaosema "nasoma magma" hawafanyi kazi moja hata kidogo. Kuna wanaosoma fuwele zilizo ndani ya mawe, kuna wanaoupima mlima wenyewe kwa vyombo, yaani mitetemo, GPS, setilaiti na gesi, halafu kuna wanaotengeneza magma yao maabara ndani ya vyuma vinavyohimili mgandamizo mkubwa. Wote swali lao ni lilelile, magma imekaa kina gani, inagandaje huko iliko, na inapanda kwa spidi gani kabla mlima haujalipuka, ila majibu wanayopata hayafanani na maisha yao ya kila siku hayafanani pia. Nitalinganisha hizi njia kwa ajili ya mtu wa huku kwetu, awe Arusha, Nairobi, Goma au Kampala, na niseme mapema kabisa kwamba mi naegemea kwenye fuwele, sababu zangu utaziona njiani.

Kabla ya kuchagua chochote toa kwanza kichwani ile picha ya kitabu cha shule, lile dimbwi kubwa la moto limetulia chini ya mlima likisubiri kupanda. Miaka hii wengi waliobobea wanakubaliana kwamba sehemu kubwa ya magma iliyohifadhiwa chini ya volkano ni fuwele tupu zilizoshikana, na katikati yake kuna kimiminika kidogo, fikiria sufuria ya wali wa nazi unaokaribia kukauka, punje zimejaa na tui limebaki kwenye nafasi ndogondogo. Ikiwa hivyo magma haiwezi kutiririka, zaidi ya nusu ikishakuwa fuwele inajifunga yenyewe, na kinachoiamsha mara nyingi ni magma mpya ya moto inayoingia kutoka chini au gesi inayokusanyika juu yake. Hii picha ndo inayobadilisha kila kitu kwenye uchaguzi wako, kwa sababu kila njia inaona kipande tofauti cha hiyo sufuria. Na sio nadharia tupu, pale Menengai juu ya Nakuru, GDC, kampuni ya serikali ya Kenya ya jotoardhi, walipoanza kuchimba visima vya mvuke mwaka 2011, baadhi ya visima vilipofika kama kilomita 2 chini vikatoa vipande vya kioo kibichi cha volkano, yaani magma iliyogandishwa ghafla na maji ya mtambo. Sehemu ambazo mtambo umewahi kugusa magma yenyewe duniani ni za kuhesabu, Hawaii mwaka 2005, Krafla ya Iceland mwaka 2009 kwenye kilomita 2.1, na hapo Nakuru. Wakenya wengi wanaopita barabara ya Nakuru hawajui wamekaribiana na kitu gani.

Sasa fuwele. Magma ikipoa kidogo, au ikipoteza maji na gesi wakati inapanda, fuwele zinaanza kukua ndani yake, olivini, piroksini, feldspa, nefelini, inategemea na kemia ya magma husika, na kila fuwele inakua tabaka juu ya tabaka kutoka katikati kwenda nje. Kila tabaka linabeba kemia ya magma ya wakati ule. Magma mpya yenye joto zaidi ikiingia, tabaka linalofuata linabadilika, na ukikata lile jiwe ukalisaga mpaka unene wa milimita 0.03, ukaliangalia kwenye hadubini halafu ukalipeleka kwenye mikroprobu ya elektroni, mashine inayopima kemia ya nukta ndogo sana, ule mpaka kati ya tabaka la zamani na jipya unauona kabisa. Utamu uko hapa. Mpaka ukiwa bado mkali, maana yake fuwele haikukaa sana kwenye joto baada ya magma mpya kuingia, lakini ukiwa umefifia maana yake atomi za chuma na magnesi zimepata muda wa kuhama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na kwa kuwa spidi ya kuhama kwenye joto fulani imeshapimwa, unapiga hesabu unapata muda. Kwenye olivini ya basalti, ile lava nyeusi ya kawaida, yenye nyuzi 1,100 mpaka 1,200 unapata siku, miezi au miaka, kwenye feldspa ukifuata elementi zinazohama taratibu kama bariamu unaweza kufika mamia na maelfu ya miaka. Yaani jiwe moja linakuambia mlima ulichukua muda gani toka uamshwe mpaka ulipuke, na hicho ndo kitu ambacho watu wa maafa wanakihitaji kuliko karibu kitu kingine chochote.

Mfano ninaoupenda ni Irazú ya Costa Rica, mlipuko wa 1963 hadi 1965. Olivini zake zilikuwa zimebeba tabaka za nikeli ambazo zingefutika kabisa kama magma ingekaa muda mrefu njiani, hesabu ikaonyesha ilitoka kwenye manteli, tabaka lililo chini ya ganda la dunia, kama kilomita 35 chini, ikafika juu ndani ya miezi tu. Na Santorini ya Ugiriki, ule mlipuko mkubwa wa enzi ya Minoa, feldspa zake zilionyesha kwamba baada ya maelfu ya miaka ya kutulia, sehemu kubwa ya magma iliongezeka katika miongo ya mwisho na mingine katika miezi ya mwisho kabisa. Hakuna chombo kilichokuwepo pale zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, ila fuwele zilikuwepo.

Kina nacho unakipata. Fuwele ikikua inanasa matone madogo ya magma ndani yake, na matone hayo yanabaki na maji na kaboni dioksaidi iliyokuwemo, na kwa kuwa magma inabeba gesi nyingi zaidi ikiwa chini ya mgandamizo mkubwa, ukipima gesi ya tone unapata mgandamizo, na kila megapaskali 100 ni kama kilomita 4 za mwamba juu yake. Hapa lakini uwe makini sana. Tone likipoa linajitengenezea kiputo, na sehemu kubwa ya kaboni dioksaidi inakimbilia kwenye hicho kiputo, mtu akipima kioo peke yake anapata kina kifupi kuliko ukweli, na tafiti nyingi za zamani ziliacha viputo bila kuvipima. Maji nayo yanavuja kutoka kwenye tone ndani ya saa au siku chache magma ikipanda polepole. Njia nyingine ya kupata kina, ya kulinganisha kemia ya piroksini na ya kimiminika, ina kosa kubwa, kilomita 8 au 10 juu au chini ni jambo la kawaida, kwa hiyo ukiona mtu kaandika kina cha magma mpaka mita ujue kuna shida.

Udhaifu mkuu wa fuwele kila mtu anaujua, unaipata mkononi mlima ukishalipuka. Haikupigii simu kabla.

Vyombo ndo vinapiga simu. Magma ikipenya kwenye mwamba inaupasua na mitetemeko midogo inatokea, ikijaa chini mlima unainuka kwa sentimita chache na GPS inaona, na setilaiti kama Sentinel-1, iliyorushwa 2014, inapita sehemu ileile kila siku 12 ikipiga picha za rada ambazo ukizilinganisha unaona ardhi ilivyosogea. Data zake ni bure. Kundi la COMET la Uingereza linatoa hata picha zilizokwisha kuchakatwa za maeneo mengi ya Bonde la Ufa, kwa hiyo mwenye kompyuta ya kawaida, intaneti na ujuzi kidogo wa Python anaweza kuanza leo usiku, na hili sio jambo dogo kwa mtu asiye na hela ya kwenda porini. Gesi nazo zina lugha yake, kaboni dioksaidi inajitoa kwenye magma mapema, ikiwa bado chini sana, salfa dioksaidi inajitoa zaidi magma ikikaribia juu, kwa hiyo uwiano wa hizo mbili ukibadilika ghafla unajua kuna kitu kipya kimeingia. Sitakaa sana kwenye gesi, ni kazi nzuri ila inahitaji mtu akae karibu na mlima mwaka mzima.

Shida ya vyombo ni kwamba vinakuambia kuna kitu kimesogea, havikuambii ni kitu gani. GPS ikionyesha mlima umeinuka, inaweza kuwa magma mpya, inaweza kuwa gesi, inaweza kuwa maji ya moto, na hata umbo la chanzo na kina chake vinabadilika kutegemea modeli uliyochagua, wengi mpaka leo wanaanza na modeli ya Mogi ya mwaka 1958 ambayo inachukulia chanzo ni tufe dogo ndani ya ardhi iliyo sawasawa kote, na volkano zetu zimekaa juu ya nyufa, sio ardhi iliyo sawasawa. Mwaka 2022 GPS za TZVOLCANO, mtandao wa vyombo unaoufuatilia mlima Ol Doinyo Lengai kaskazini mwa Tanzania, zilionyesha mlima huo unainuka. Habari muhimu sana ile. Ila kama hujui magma ya Lengai inabeba gesi kiasi gani na inaganda kwenye joto gani, utasema nini kuhusu kitakachofuata?

Na hapohapo Lengai ndo kuna somo ambalo mi naona kila mwanafunzi wa huku angelisoma kwanza. Julai 2007 ardhi ilianza kutetemeka karibu na mlima Gelai, kaskazini mashariki ya Lengai, tetemeko kubwa zaidi lilikuwa la tarehe 17 Julai lenye ukubwa wa 5.9, watu wa Arusha na Nairobi walilisikia. Picha za rada zikaonyesha vizuri kabisa kwamba magma imepenya kwenye ufa chini ya Gelai bila kutoka juu, moja ya mara chache sana ambapo kitu hicho kimeonekana kikitokea kwenye bara linalopasuka. Tarehe 4 Septemba Lengai ikalipuka, sio tena zile lava nyembamba nyeusi zinazotiririka kileleni, ni majivu yaliyopanda angani na iliendelea mpaka 2008. Vyombo viliona ufa, vikaona muda. Lakini kwa nini mlima uliokuwa unatiririsha lava taratibu miaka zaidi ya ishirini ubadilike uwe wa kulipuka? Hilo lilijibiwa na chembe za majivu, zilipochunguzwa zikakutwa na fuwele za aina mbili za magma zilizochanganyika, ile ya kabonati inayojulikana na nyingine ya silika, nefelinaiti, kutoka chini. Magma ya silika ilikutana na ile ya kabonati, gesi ikawa nyingi kupita kiasi. Hakuna rada ingekuambia hivyo.

Wasioijua vizuri Lengai, ile ndo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya natrokabonatiti, ina nyuzi kama 500 mpaka 600 tu, nusu ya basalti, na madini yake mawili makuu ni nyerereiti, ya jina la Mwalimu, na gregoriiti, ya yule Gregory aliyelisoma Bonde la Ufa. Fomula nyingi za kupata kina na joto kutoka kwenye fuwele zimetengenezwa kwa basalti na andesaiti za kwingine, ukizileta hapa zinayumba, hata kwenye nefelinaiti za Nyiragongo, ile volkano ya juu ya Goma, zinayumba. Kwa hiyo mtu wa fuwele huku kwetu hafanyi marudio ya kazi ya Hawaii, anafanya kazi ambayo bado haijafanyika.

Njia ya tatu, majaribio. Unachukua unga wa jiwe, unauweka kwenye kidonge cha dhahabu au platini pamoja na maji na kaboni dioksaidi kiasi unachotaka, unaufunga, unaupasha na kuukandamiza kwa saa, siku au hata wiki, halafu unaugandisha ghafla unaangalia fuwele gani zimeota. Ukipata fuwele zilezile zilizo kwenye jiwe la mlima, umepata joto na kina chake. Ni kazi ya subira na ya gharama, mashine moja ikikaa bila fundi imekufa, na kwa Afrika Mashariki sijaona sababu ya mtu kuanzia hapa, aende akiwa PhD kwenye maabara ya nje iliyo na mashine tayari. Ila asiidharau, maana majaribio ndo yaliyoonyesha tangu miaka ya 1960 kwamba magma ya silika yenye soda na kaboni dioksaidi nyingi inaweza kujitenga ikawa vimiminika viwili, kimoja cha silika na kimoja cha kabonati, na bila hilo Lengai ingebaki fumbo.

Mahali ambapo hizi njia zote zilikutana vizuri ni Pinatubo ya Ufilipino, 1991. Mvuke ulianza kulipuka tarehe 2 Aprili, vyombo vikafungwa haraka, salfa dioksaidi ikapanda kutoka kama tani 500 kwa siku katikati ya Mei mpaka tani 5,000 tarehe 28 Mei, halafu ikashuka ghafla, na wanaojua walishtuka zaidi iliposhuka, maana njia ya gesi ilikuwa imeziba. Tarehe 7 Juni jiwe la kwanza la magma likajitokeza karibu na kilele, andesaiti iliyochanganyika basalti mpya na dasaiti ya zamani (magma nzito yenye silika nyingi), na hilo jiwe likathibitisha kwamba magma ya moto kutoka chini imeshaingia kwenye ile ya juu. Tarehe 10 kambi ya Wamarekani ya Clark ikahamishwa, tarehe 15 mlima ukalipuka kwa nguvu zote. Maelfu ya watu waliokolewa. Baadaye majaribio ya maabara yakasema dasaiti ilikuwa kwenye nyuzi 760 hadi 780 na mgandamizo wa megapaskali 220 hivi, kina cha kilomita 8 kwa makadirio, na mitetemo ikaonyesha eneo laini kuanzia kilomita 6 mpaka 11. Njia mbili zisizotegemeana zimetua kina kimoja, na kwenye hii fani hilo linatokea mara chache kuliko watu wanavyodhani.

Upande wa pili kuna Nyiragongo, iliyolipuka 22 Mei 2021, na hapa nazungumza kwa uzito maana waliokufa ni majirani zetu. Observatori ya Goma, OVG, ilikuwa imekaa miezi kadhaa bila hela ya intaneti ya kupokea data, ni kweli na inauma, lakini uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hata vyombo vilivyokuwa vinafanya kazi vilipata dalili chini ya saa moja tu kabla. Magma ilikuwa tayari imejaa juu, ziwa la lava lilikuwa wazi kileleni, hakukuwa na mgandamizo wa kuinua mlima, ukuta wa mlima ulipasuka na lava ikatoka. Siku zilizofuata magma ikapenya ufa kuelekea kusini, ikapita chini ya Goma kwenyewe hadi chini ya Ziwa Kivu, na tarehe 27 mamia ya maelfu ya watu wakaambiwa wahame. Hiyo safari ya chini ya mji vyombo viliiona vizuri sana. Kwa mlima wa aina hii, mwenye kusema fuwele tu zinatosha anakosea, na mwenye kusema tuongeze vyombo tu nae hajamaliza, inabidi mtu achimbue lava za 1977, 2002 na 2021 azilinganishe fuwele kwa fuwele ajue magma inakaa muda gani pale juu kabla ukuta haujashindwa.

Kwa upande wa maisha, ukichagua vyombo utahitaji hesabu, fizikia na programu za kompyuta, na ajira ziko nyingi kiasi, GST Dodoma (taasisi ya jiolojia ya Tanzania), kampuni za jotoardhi, OVG, miradi ya maafa, hata ukitoka kwenye volkano ujuzi wako unauzika. Picha za rada kwenye misitu ya Virunga zinakusumbua kwa sababu ya miti na mvuke wa hewa, kwenye nyika ya Natron mambo ni mepesi zaidi. Ukichagua fuwele utahitaji kemia, miguu mizima na subira ya hadubini. Sampuli nyingi itabidi zisafirishwe kwenda kwenye mikroprobu ya chuo cha nje, na vibali vya kusafirisha mawe anza kuvifuatilia mapema sana. Ajira za moja kwa moja ni chache zaidi, ila migodi na visima vya mvuke wanahitaji mtu anayesoma jiwe, Menengai na Olkaria kila kisima kinatoa vipande vya kusomwa.

Kwa hiyo kama unapenda kompyuta kuliko nyundo, au unataka kukaa kwenye chumba cha tahadhari simu inapolia, nenda kwenye vyombo bila kusita, na chukua somo moja la petrolojia, yaani elimu ya miamba, ili ujue unachokiona ni magma ya aina gani. Kama una nafasi ya PhD nje na profesa mwenye mashine, majaribio ya nefelinaiti na kabonatiti ni uwanja mpana na watu ni wachache. Kwa wengine wote nasema fuwele, na jifunze kusoma picha za Sentinel-1 pembeni jioni, zinafundishika. Picha za setilaiti za Lengai mtu wa Bristol, Uingereza, anaweza kuzisoma akiwa nyumbani kwake, majivu ya Lengai hawezi.

Ukishaamua, usisubiri barua ya udahili. Lava ya Lengai inatoka nyeusi ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe ndani ya saa au siku chache, madini yake ya asili yanayeyuka, na mvua moja inatosha kuharibu majivu ambayo hayatapatikana tena. Mtu anayekaa Engare Sero au Longido anaweza kuyachukua asubuhi ileile yakianguka, kwenye chupa kavu ya kioo yenye mfuniko unaobana, aandike tarehe, saa na namba za GPS, achukue chupa mbili sehemu mbili tofauti, moja abaki nayo. Mtafiti anayetoka Ulaya anafika baada ya wiki mbili akiwahi sana.